Fyuzi ya dola mia na sauti ya amplifaya

Zipo fyuzi za amplifaya, yaani kile kiwaya kinachokatika umeme ukizidi, zinazouzwa dola 100 na zaidi kwa moja, yaani kama shilingi laki mbili na nusu za Tanzania. Ile ya kawaida, kioo au kauri, haifiki hata bei ya soda. Synergistic Research ya Marekani na Hi-Fi Tuning ya Ujerumani ni kati ya waliojijengea jina kwa biashara hii. Wanunuzi husema besi inakaza, mwimbaji anasogea mbele, na wengine huenda mbali zaidi: ukiichomoa fyuzi ukaigeuza, sauti inabadilika tena.

Hilo la kugeuza ni rahisi kulijibu. Umeme wetu wa hertzi 50 hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde, kwa hiyo sijui fyuzi itajuaje upande gani ndiyo mbele.

Hoja yao nyingine ina uzito. Amplifaya ya kawaida haivuti umeme kwa mfululizo. Huuvuta kwa mikupuo mifupi, wimbi la umeme linapofika kileleni, ili kujaza kapasita, vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme. Waya wa fyuzi ni mwembamba, unapata moto, na ukipata moto ukinzani wake, yaani kiasi unavyozuia umeme, unapanda. Kinadharia, basi, kuna kitu kinachocheza pale ndani kadiri muziki unavyopanda na kushuka.

Tupige hesabu. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi za pini tatu za Kiingereza, hizi tunazotumia Kenya, Uganda na Tanzania, ina ukinzani usiofika miliomu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani, miliomu ni elfu moja yake). Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una miliomu 7 na kidogo kwa kila mita. Kama soketi iko mita 15 kutoka kwenye mita ya umeme, kwenda na kurudi ni mita 30, zaidi ya miliomu 200, na hapo hujahesabu waya wa kutoka kwenye nguzo. Amplifaya ikivuta ampea 2, fyuzi inakula volti 0.02 kati ya 230. Jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, volti zinaweza kushuka kwa kumi na zaidi, na anayesikiliza taarab sebuleni hashtuki.

Fyuzi ndogo za ndani ya mashine, za miliampea mia chache, zina ukinzani mkubwa zaidi, unaoweza kukaribia omu moja. Lakini hata hapo umeme unakwenda kupita kwenye transfoma yenye makumi ya mita za waya wa shaba.

Kuna mahali wapenzi wa fyuzi wana haki kabisa: fyuzi iliyo kwenye njia ya spika. Baadhi ya amplifaya za zamani ziliwekwa hivyo ili kulinda spika. Pale muziki wenyewe ndio unaopita kwenye waya, spika ina omu 4 au 8 tu, na kwenye besi nzito waya unapata muda wa kupata moto na kupoa ndani ya kila wimbi. Sauti inachafuka kweli, na vipimo vinaonyesha. Ndiyo maana wabunifu wengi waliiondoa pale wakaweka relei, swichi inayojifungua yenyewe kukiwa na hatari.

Wanaosikia tofauti siwaiti waongo. Pwani, chumvi ya hewani hula vibanio vya fyuzi. Kuchomoa fyuzi na kuipachika upya kunakwangua hiyo kutu, na kama mguso ulikuwa mbovu, mashine inatulia. Ingetulia vilevile kwa fyuzi ileile ya zamani. Anayetaka uhakika ampe mtu mwingine kazi ya kubadilisha bila kumwambia ipi imewekwa, sauti ikiwa kwenye kiwango kilekile. Akipatia mara 6 kwa 10, huko bado ni kubahatisha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya bei ni ushauri wa baadhi ya wauzaji kwamba upandishe ampea, ati muziki upumue. Fyuzi imewekwa pale kulinda waya. Waya mwembamba wa redio uliopangiwa fyuzi ya ampea 3, ukiuwekea ya 13, siku transfoma ikipiga shoti waya unaweza kuanza kuungua nyuma ya kabati huku fyuzi bado nzima.