Mzigo Ukirudi Ng'ambo, Karani Si Mwizi

Hapa Kisumu, ukisema umetumiwa mzigo kutoka majuu kwa njia ya posta, watu hukupa pole. Usipofika, wameula. Ukirudi Leeds ulikotoka, karani mvivu. Malalamiko hayo yana msingi wake, ila nadhani tunamwandama mtu asiyehusika.

Anza na anwani. Kwetu barua haipigi hodi mlangoni; huishia kwenye sanduku, na wengi wetu hatuna sanduku. Tunaazima la shule au la kanisa. Jirani yangu wa Nyalenda alimpa shangazi yake aliye Uingereza S.L.P. ya shule aliyosoma zamani, 40100 Kisumu. Mzigo ulifika. Lakini mzigo hauingii sandukuni. Kinachoingia ni kikaratasi cha kumwita mwenyewe aje dirishani na kitambulisho. Ilikuwa Agosti, shule imefungwa. Kikaratasi kikalala chini ya barua za mwalimu mkuu wiki baada ya wiki, na shule ilipofunguliwa akapewa mtoto wa darasa la nne akipeleke nyumbani. Ndani ya daftari la hesabu, nadhani, kingalimo.

Sasa muda wa kungoja umekwisha, karani afanye nini? Auze? Agawe? Kwa mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, kitu kilichotumwa hubaki mali ya aliyekituma mpaka kimfikie anayestahili kukipokea. Kukirudisha ndio uaminifu wenyewe. Tena anayetuma kifurushi huulizwa kwenye fomu: kisipopokelewa kirudishwe, au kihesabiwe kimetelekezwa? Ni yeye aliyetia alama.

Kuna pia mizigo inayokwama kwa ushuru. Mtumaji ameandika "zawadi" bila bei, afisa wa forodha anakadiria, juu yake VAT ya asilimia 16, na mwenye mzigo anapiga hesabu kisha anaondoka zake. Huyo naye atakwambia posta walimrudishia mzigo.

Wanaolalamika wana hoja moja isiyopingika: simu. Katika nchi ambayo muuza omena hulipwa kwa M-Pesa, kumwita mtu kwa kikaratasi ndani ya sanduku la mtu mwingine ni mzaha. Nambari ya simu mara nyingi imeandikwa juu ya mzigo wenyewe. Kupiga ni dakika moja. Na ile namba ya kufuatilia mzigo, herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili, hukuonyesha umeingia Nairobi halafu kimya. Hapo sina la kuwatetea.

Nilimuuliza jirani kama shangazi yake aliandika nambari ya simu. Aliandika, akasema, tena kwa wino mkubwa. Ila ile laini alishaitupa tangu mwaka juzi.