Mola Asiliharakishe Deni la Nyumba Yangu Kwisha

Tangu nilipohamia Mississauga, Kanada, nikitokea Tanga, nimelipia kuegesha gari, nimeilipa benki initunzie fedha zangu mwenyewe, na nimemlipa kijana aondoe mlangoni theluji ambayo sikuiagiza mimi. Nilidhani kwamba siku nitakapofumba macho nitakuwa nimemalizana na jimbo la Ontario, kumbe wamekwisha kuniandalia bili nyingine, nayo inangoja nife ndipo isomwe.

Utaratibu wao ni huu. Ukifa ukiacha nyumba yenye jina lako peke yako, msimamizi wa mirathi hupaswa kwenda mahakamani kuomba cheti cha kumthibitisha, na mahakama haikitoi kabla ya kulipwa kodi kwa kadiri ya thamani ya mali uliyoacha. Dola 50,000 za kwanza zimesamehewa, na kila dola 1,000 zinazozidi hapo hutozwa 15. Nyumba yetu, ambayo paa lake linavuja upande wa jikoni, inasemekana ina thamani ya dola 850,000. Nilipiga hesabu mara tatu, ya tatu nikiwa nimevaa miwani, na kila mara jibu lilikuwa dola 12,000. Hiyo ndiyo bei ya karatasi inayosema kwamba binti yangu ni binti yangu.

Usidhani kwamba hakuna aliyelalamika kabla yangu. Mjane mmoja aitwaye Eurig, aliyetakiwa alipe dola 5,710 kwa mirathi ya mumewe, aliifikisha kesi hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 1998 akashinda, kwa kuwa majaji waliona kwamba kilichoitwa ada kilikuwa kodi ambayo bunge la jimbo halikuipitisha ipasavyo. Jimbo likamsikiliza kwa adabu zote, kisha likatunga sheria mwaka huohuo na kuiita kodi. Kiwango kilibaki vilevile. Ninamheshimu sana mama yule, lakini ushindi wa namna hiyo hata timu yetu ya mtaani Chumbageni iliwahi kuupata.

Nikamwambia mke wangu tuhamie jimbo jingine, Manitoba, ambako ada hiyo ilifutwa mwaka 2020, au angalau Alberta, ambako haizidi dola 525 hata kama marehemu alikuwa tajiri wa mafuta.

"Baba Salma," akasema bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua, "na nyumba utaibeba kichwani?"

Alikuwa amesema kweli, kwa sababu nyumba iliyopo Ontario hutozwa Ontario, popote mwenyewe atakapofia. Ni yeye pia aliyenikumbusha kwamba hati ya nyumba ina majina yetu sote wawili kwa umiliki wa pamoja, kwa hiyo wa kwanza kufa humwachia mwenzake nyumba yote bila kupita mahakamani, na bili humwangukia yule wa pili. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu humhimiza mwenzake anywe dawa zake za presha, na sina hakika tena kwamba ni mapenzi.

Nilifikiria pia kumwandikisha Salma katika hati. Mwanasheria mmoja tunayeswali naye akaniuliza kwa upole kama ninamfahamu vizuri mkwe wangu, kwani Salma akiachika au akidaiwa, sehemu yake ya nyumba inaweza kuingizwa katika ugomvi huo. Kuhusu akaunti ya benki, alisema kwamba tangu hukumu ya mwaka 2007, fedha ambazo mzazi ameziweka kwa jina la pamoja na mtoto mtu mzima huchukuliwa kuwa bado ni mali ya mirathi, mpaka mtoto athibitishe kwamba alipewa kama zawadi. Akanishauri nianze na jambo jepesi zaidi, yaani kuangalia jina la mnufaika katika bima ya maisha na akiba ya uzeeni, kwa kuwa fedha hizo humfikia aliyetajwa moja kwa moja na hazihesabiwi katika mirathi.

Nikaitafuta fomu ya bima. Niliijaza kabla sijaoa, na mnufaika ni marehemu mama yangu. Mama Salma aliisoma mara mbili, akaniuliza tumeoana miaka mingapi, kisha akaenda kulala chumba cha wageni.

Faraja pekee niliyoipata ni kwamba deni la benki lililowekewa nyumba rehani hutolewa katika thamani kabla ya kodi kupigwa, ingawa deni la kadi halitolewi. Kwa hiyo kila dola 1,000 ninazozilipa kwa jasho zinaongeza bili ya kifo changu kwa dola 15. Juzi benki imeniandikia barua ya pongezi kwamba nitamaliza deni mwakani, na nimeisoma kama mtu anayesoma tanzia yake mwenyewe.