Shemeji Angeshushwa Changuu Kwanza

Waingereza walitufanyia mengi ya ovyo, lakini hili la kumshusha mgeni kisiwani Changuu aangaliwe ugonjwa kabla hajaugusa mji wa Unguja, hapo walitumia akili. Aliyelifuta hakuwa na shemeji.

Wangu kashuka bandarini na boti ya kutoka Dar, begi mkono mmoja, leso mkono wa pili. Namwuliza, "Shemeji, unaumwa?" Ananijibu, "Aa, vumbi la Kariakoo tu hili." Vumbi la Kariakoo lina miguu, bwana. Likaanza kwa mke wangu, likaenda kwa watoto, likamfuata jirani aliyekuja kuomba chumvi, mwisho likanikalia mimi kifuani. Nyumba nzima tunapiga chafya kwa zamu. Mimi nimefunikwa blanketi juu ya nyungu, ndevu zinachuruzika. Yeye kapona! Anakula mkate wa kumimina, anateremshia kwa chai ya maziwa, ananiambia, "Shemeji, mimi nataka kuiona ile jela ya kisiwani Changuu."

Nikamtazama mke wangu anitetee. "Baba Saidi, mpeleke kaka yangu, mgeni ni mgeni." Basi nikavaa koti, joto la Februari hilo, tukatoka.

Papasi wa Forodhani, wale vijana wanaowinda watalii, hawana huruma na mgonjwa. Nimezaliwa Vikokotoni, nimekulia Vikokotoni, bado kijana ananitajia bei kwa dola. Namjibu kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, anapunguza dola, lakini hatoki kwenye dola. Kosa ni miwani myeusi ya shemeji. Tulielewana pale kikohozi kiliponishika mbele ya uso wake. Bei ilishuka palepale, na kwa shilingi.

Botini nikapewa benchi zima peke yangu. Watalii wawili walikuwa wamekaa karibu, wakavaa barakoa, wakahamia upande wa pili, chombo kikalala. Nusu saa hivi ya mawimbi, shemeji anaimba. Tumefika maji yamekupwa, ikabidi tushuke na kutembea majini hadi magotini. Mtu mwenye mafua! Kisha kiingilio. Shemeji kajipapasa mifuko yote, hadi ya shati, akagundua pochi imebaki kwenye suruali nyingine.

"Sasa wafungwa walikuwa wanalala wapi?" ananiuliza mbele ya zile kuta.

Hakuna mfungwa aliyelala, shemeji. Lloyd Mathews, yule Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, alikipata kisiwa mwaka 1893, jela ikajengwa mwaka uliofuata, na hakuletwa mfungwa hata mmoja. Shemeji akakunja uso. "Kwa hiyo tumelipia nini?"

Tumelipia. Nikameza mate, na kumeza kwenyewe kunauma.

Waliofungwa hapa kweli walitangulia kabla ya hizo kuta. Ni watumwa walioonekana wakaidi, wakawekwa kisiwani wakisubiri kupelekwa kuuzwa ng'ambo. Hilo nilimwambia taratibu, naye akavua miwani.

Baada ya hapo ndipo jengo lilipopata kazi. Ni zama za tauni iliyozuka Bombay mwaka 1896, na homa ya manjano nayo inatisha, na meli hazikomi. Changuu ikafanywa karantini ya makoloni ya Waingereza Afrika Mashariki. Abiria wanaoshukiwa wanashushwa, wanaangaliwa wiki moja hadi mbili, wakionekana wazima wanaendelea na safari. Hakuna cha "vumbi tu hili". Msimu wenyewe hasa ulikuwa Desemba hadi Machi. Miezi mingine Wazungu wa mjini wanakwenda palepale kupumzika. Mwaka 1923 serikali ikakibandika kisiwa jina la Kibandiko. Likabanduka.

Sasa mimi nimesimama pale, upepo wa bahari unanipiga usoni, nafanya hesabu. Wiki mbili! Hakuna anayekugongea mlango, maana marufuku. Hakuna kundi la michango ya harusi ya mtoto wa binamu wa mtu usiyemjua. Mwenye nyumba akidai kodi, anaambiwa mpangaji yuko karantini, subiri ng'ambo ya maji. Wallahi ningekohoa kwa makusudi ili wanibakishe. Nilikohoa hata hivyo, bila makusudi, na mlinzi akanielekeza kwa mkono njia ya kurudi kwenye boti.

Lakini shemeji hajaona kobe. Haondoki bila kuona kobe. Mchicha wa kuwalisha nikanunua mimi. Kobe hawa asili yao ni Ushelisheli, wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa huko. Madume yao yanavuka kilo 200, na umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni, wengine zaidi ya miaka 100. Hebu fikiria: umekuja kama mgeni mwaka 1919, hukuondoka, hujachangia hata sukari, na watu wanapanda boti kuja kukulisha. Mmoja akainua shingo, wakatazamana na shemeji kama ndugu waliopoteana. Shemeji akachuchumaa, akamsomea umri ule polepole, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Sikuipenda ile heshima.

Turudi mjini. Tumekanyaga mchanga tu, simu yake inaita, ni dada yao mwingine wa Mbagala. Shemeji anacheka, anamwambia Unguja tamu, hewa safi, nyumba kubwa, shemeji ni mtu wa watu. Kisha ananigeukia, kaziba simu kwa kiganja.

"Shemeji, anakuja Jumamosi na wale mapacha. Anasema wana vipele vipele mwili mzima, lakini tusijali, ni joto tu."