Agongaye kwa Nguvu Hajajibiwa

Wanaopinga kazi za sanaa ya sauti zinazoendeshwa na hadhira yenyewe, yaani mitambo inayotoa mlio mgeni anapoigusa au kuigonga, wana hoja nzito, hasa mjini Lamu, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta na hakuna ngurumo za magari za kufunika sauti. Jirani anayejilaza adhuhuri ana haki yake. Mtambo uwekewe saa, na adhana ikikaribia uzimike wenyewe. Hapo hakuna mjadala.

Lakini wanaongeza kwamba hadhira, ikiachiwa, huzusha vurumai tu na sanaa hupotea. Hapa analaumiwa asiye na kosa.

Tazama baraza moja. Chini ya ubao wa kukalia imegundishwa disiki ya piezo ya milimita 27, kisahani kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, na kati ya nyaya zake mbili kuna rezista, yaani kizuizi cha umeme, ya megaomu 1. Mtoto anagusa ubao kwa ukucha, na mlio wa twari unatakiwa utoke kwenye spika iliyowekwa kidakani. Usipotoka papo hapo, anapiga kiganja. Ukichelewa tena, anapiga ngumi. Mtu mzima naye hufanya vivyo hivyo, ila kwa haya kidogo. Tunaona ukorofi, kumbe ni mtu anayetafuta jibu.

Huo ucheleweshaji una mahali unapotoka. Kompyuta ikipangiwa akiba ya sampuli 1,024, yaani vipimo vya sauti inavyovikusanya kabla ya kuvicheza, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, milisekunde 23 zimeshapotea. Spika ya Bluetooth mara nyingi huongeza 100 na zaidi. Spika ya waya nayo ikiwa mita 10 kutoka kwa mgongaji, hewa peke yake inakula 29. Kufikia 30 hivi, mkono na sikio vinaanza kuachana. Kubandika kibao cha "gonga polepole" hakutibu kitu. Punguza akiba hadi 128, ambayo ni milisekunde 3, tumia waya, sogeza spika. Ngumi zitapungua zenyewe.

Wagongaji 10 kwa pamoja ni jambo jingine: sauti hupanda desibeli 10, na sikio huona imekuwa kubwa maradufu. Programu ishushe kila mmoja kadiri wanavyoongezeka. Chumvi ya hewa ya bahari nayo hula viungo vya risasi vinavyoshika nyaya kwenye disiki. Visipozibwa kwa silikoni, mguso mwepesi hausikiki tena, na ngumi zinarudi.

Msanii yuko wapi? Mwaka 1963, huko Wuppertal, Ujerumani, msanii Nam June Paik, mzaliwa wa Korea, alibandika vipande vya utepe wa sauti ukutani, akampa mgeni kichwa cha kusomea utepe akipitishe mwenyewe. Mgeni aliamua mwendo na mpangilio, ila utepe ulichaguliwa na Paik. Sisi tuliokulia kwenye vugo, ambako wanawake huitikia huku wakigonga pembe, hatukupaswa kushangazwa na hilo. Muitikiaji hajawahi kuitwa mharibifu wa wimbo.

Chumba cha nyumba ya kale nacho huitikia. Boriti za mkoko hukiwekea upana wa mita 2.8 hivi, kwa hiyo kuta mbili za chokaa huvimbisha sauti nzito za karibu hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), na mvumo huo haujali ukuta. Sauti hizo nzito zikatwe kwenye programu. Kisha, kabla ya kufungua mlango, fundi agonge ubao mara kadhaa huku jirani amesimama chumbani kwake, na kiwango kiwekwe kwa sikio la huyo jirani.