Kusoma zile herufi ukutani hakutoshi, jamani

Juzi jirani yangu hapa Nyakato, Mwanza, kaja kwangu anachekelea. Kulikuwa na upimaji wa macho wa bure, na yeye, mgonjwa wa kisukari wa miaka nenda rudi, kasimamishwa mbele ya lile bango la herufi, kazisoma mpaka mstari wa chini, kaambiwa macho yake mazima. Akapewa na karatasi. "Mama, mimi macho yangu ya kijana!" Nikampongeza kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nachemka, na bado nachemka, ndiyo maana naandika.

Herufi hizo hata mimi, mgonjwa wa kisukari kama yeye, nilikuwa nazisoma. Siku daktari aliponiambia mishipa ya nyuma ya jicho inavuja, nilikuwa nimetoka kuzisoma zote, tena kwa sauti ya mwanafunzi anayejipendekeza. Kisukari hakina haraka na herufi. Kinaanzia kule nyuma, kwenye vimishipa vya retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea picha: vinadhoofika, vinavimba, vinavuja, vingine vinaziba kabisa. Sehemu iliyokosa damu inaotesha mishipa mipya, na mishipa hiyo mipya ni ya hovyo, inapasuka, damu inamwagika ndani ya jicho. Ndipo unaona nyuzi nyeusi zinaelea na kuanza kufukuza nzi ambao hawapo. Kabla ya hapo hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna tongotongo. Unaona vizuri tu, unatunga uzi kwenye sindano, huku nyuma kunabomoka.

Anayetaka kujua hali yako ni lazima atazame nyuma ya jicho, na kwa kawaida anakutia matone kwanza, mboni ipanuke, ndipo amulike. Hakuna njia ya mkato kupitia bango. Na matone yenyewe yana adha zake: yanawasha, unakaa benchi ukisubiri, kisha unatoka nje na jua letu la Mwanza, ambalo ukiwa upande wa ziwani linakupiga kutoka juu na kutoka majini. Mara ya kwanza nilisimama kituoni nisione kibao hata kimoja cha daladala. Konda akanishika mkono, "Mayu, hii ya Buhongwa, ya Igoma iko nyuma." Siku hizi natembea na kofia pana na kijana wa kunishika. Ni saa chache tu za ukungu, yanaisha.

Sasa niwaambie kinachonikera hasa. Kliniki ya kisukari ina siku yake. Unafika alfajiri, unapimwa uzito, presha, unachomwa kidole, unaulizwa kama unakunywa dawa, unapewa tarehe. Macho? "Hayo nenda kliniki ya macho." Siku nyingine, foleni nyingine, malipo mengine, na pengine jengo ambalo liko hapo hapo ng'ambo ya korido. Miongozo ya kisukari inasema mwenye aina ya pili, ile inayowapata wengi ukubwani, atazamwe nyuma ya jicho tangu anapogundulika, na baada ya hapo kila mwaka mmoja au miwili kama hajaharibika. Maneno mazuri. Mwambie sasa mvuvi wa Ukerewe. Kaacha mtumbwi, kapanda meli ya Nansio, kalala kwa shemeji yake Kirumba, kapimwa sukari, halafu aambiwe arudi Alhamisi ijayo kwa ajili ya macho. Macho ambayo, kwa anavyojua yeye, hayaumwi. Atarudi? Thubutu! Atarudi siku akishindwa kuona nyavu zake, na siku hiyo mtamlaumu kwa kuchelewa.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu wa Sengerema anavuka ghuba kwa dakika chache, kilomita 3 juu ya maji, hakuna tena kulala kwenye foleni ya kivuko. Korido kati ya chumba cha sukari na chumba cha macho ndiyo imetushinda.

Najua wapo watakaoniambia suala ni kubana sukari tu. Sawa. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993, wa watu wa kisukari cha aina ya kwanza: waliobana sukari walipunguza hatari ya retina kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Sibishani na hilo, na matobolwa, yale viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na chai ya sukari nimeviaga huku navipenda. Lakini hao watu wa utafiti walikuwa wanapigwa picha za retina kila miezi sita. Hakuna aliyewaambia banieni sukari mkasubiri kudra. Tena ukishusha sukari kwa kasi baada ya miaka ya kuiachia, retina iliyokwisha kuharibika inaweza kuzidi kwa muda, kwa hiyo hata huyo mgonjwa mtiifu mnayemsifu anahitaji kumulikwa.

Leza nimepigwa. Unaweka kidevu kwenye mashine, unaambiwa usitikisike, taa kali inapiga, inapiga, ukitoka kila kitu kiza kwanza. Hairudishi kilichopotea. Inalinda kilichobaki, na inakata kidogo uoni wa pembeni na wa usiku, hilo niliambiwa wazi kabla ya kuanza na nilishukuru kuambiwa. Jioni pale soko la Mwaloni, napopokea pesa za dagaa, noti ya elfu mbili na ya elfu kumi kwenye taa hafifu naziona rangi moja. Nazigeuza, nazisogeza kwenye balbu, nasoma tarakimu. Vijana wa magunia wanadhani nakagua noti bandia, na nimewaacha wadhani hivyo, heshima imeongezeka.

Kuhusu sindano ya jicho, ile ya dawa ya kuzuia mishipa isivuje: ni nadra sana kupofusha, si kama mnavyosimuliana kwenye magari. Wengi wa hao "waliochomwa wakapofuka" walifika jicho limeshajaa damu. Kuhusu yule bwana wa kipaza sauti stendi na chupa zake za majani yanayosafisha kisukari na macho kwa pamoja, sina neno zaidi ya kwamba yeye mwenyewe anavaa miwani.

Miwani nayo! Shangazi yangu ana miwani droo nzima. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho inabadilika, namba inabadilika, anakwenda kununua. Sukari ikishuka, ile miwani inamtia kizunguzungu, anakwenda tena. Muuzaji anamwita mteja wa kudumu. Subiri sukari itulie wiki kadhaa ndipo upime miwani, shangazi, nimekwambia mpaka nimechoka. Na wajawazito wenye kisukari wamulikwe mapema, ujauzito unaweza kuharakisha mambo.

Haya, niwe muungwana. Hizo kambi za bure zinawaibua wenye mtoto wa jicho, bibi anarudi Magu anaona wajukuu, na sisi wa kisukari mtoto wa jicho hutuwahi kuliko wenzetu. Si haba. Manesi wa kliniki nao wamezidiwa, nawaona kwa macho haya haya mabovu. Lakini basi bango liandikwe: hapa tunapima uwezo wa kuona, mwenye kisukari bado hajapimwa. Msimpe karatasi ya kumlaza usingizi.

"Madaktari wa macho ni wachache." Ni kweli. Lakini kupiga picha ya retina si lazima daktari wa macho. Zipo kamera, nyingine za kushika mkononi, anayefundishwa anapiga, mtaalamu anasoma akiwa mji mwingine. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha hata programu ya kompyuta inayotazama picha hizo na kusema nani apelekwe kwa daktari. Tusingoje kompyuta basi, tuanze na kamera. Iwekwe chumba kile kile chenye mizani. Mizani haikosekani kamwe kliniki zetu, nimepimwa uzito mpaka mizani imenizoea. Mtu akishuka kwenye mizani, aketi, apigwe picha, aende kuchukua dawa. Siku moja, nauli moja.

Na kama kuna mfadhili anayesubiriwa, semeni tu, ili sisi wa kwenye foleni tujue tunasubiri nini.