Tikisa Kabla ya Kutumia

Dada yangu kaolewa Ufaransa, Bordeaux, na mimi safari yangu ya kwanza kwenda kumsalimia ndo nusura nivunje ndoa ya watu.

Shemeji kazaliwa 1990, na baba yake alimwekea chupa moja ya waini, Château Latour ya mwaka huohuo, imelala kwenye stoo ya chini gizani, haiguswi, inasubiri besdei ya maana. Siku mbili kabla, mzee akaipandisha akaisimamisha juu ya kabati la jikoni taratibuu kama mgonjwa katoka wodini. Usiku akanipa somo, dada anatafsiri: shamba liko Pauillac, karibu na mto Gironde, ardhi imejaa kokoto, mizabibu mingi ni Cabernet Sauvignon, na mwaka 1855 walipopanga madaraja ya waini za kule Latour ikakaa daraja la kwanza na wenzake watatu, Mouton, waini nyingine ya hukohuko, yeye kapandishwa 1973 huko. Halafu ikiwa changa ina ukakasi huo, unakunja sura kama umeng'ata ndizi mbichi, ndo maana inangojwa miaka na miaka. Mimi naitikia tu, nimeshiba jibini.

Asubuhi niko peke yangu jikoni, nikaichukua ile chupa, ina picha ya mnara na simba kasimama juu, nikaielekeza dirishani. We! Chini kuna tope jeusi.

Sasa mimi nimeuza juisi ya ukwaju stendi miaka miwili, pale ukimpa mteja chupa haijatikiswa anakutukana wewe na ukoo wako. Nikamuonea huruma mzee wa watu, macho yameshachoka hajaona. Nikashika shingo, nikashika kitako, nikaitikisa mpaka kandambili zikanivuka. Nikaangalia tena, safi, imechanganyika yote, nikairudisha palepale.

Jioni tumekaa mezani, mzee kafungua kizibo kwa adabu, akawasha mshumaa. Nikajua wimbo unaanza, nikapiga makofi. Peke yangu. Kumbe mshumaa unakaa chini ya shingo ya chupa wakati wa kumimina kwenye jagi la kioo, ukiona mashapo yanakaribia unaacha. Mzee akamimina kidogo akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kitu kimetoka na tope toka tone la kwanza.

Dada akanigeukia na macho yale ya mama: "Wewe, hii chupa umeifanyaje?"

"Nimeitikisa," nikasema, tena natabasamu. "Mwambie baba asijali, imekolea sasa."

Dada hakutafsiri. Shemeji anajua Kiswahili cha kuombea maji, ndo akaonyesha kwa mkono, hivi, juu chini, juu chini. Mama mkwe akashika meza.

Hapo ndo naelezwa kwamba ule ukakasi na ile rangi vinashikana polepole miaka yote hiyo, vinakuwa vizito, vinazama, na zile siku mbili za kusimama ni za kuyasubiri mashapo yatulie. Nikatamani nizame na mimi.

Wakachuja kwa karatasi ya kahawa, jamani, Latour inadondoka tone tone kama dripu, mzee kageukia ukutani. Nikapewa glasi, nikanywa kwa woga, nikamnong'oneza dada, "Mbona inanuka penseli? Penseli iliyochongwa sasa hivi." Akaniambia nyamaza. Mzee akang'ang'ania aambiwe kijana kasema nini. Alipoambiwa akaweka glasi chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mshumaa uwashwe, akasema penseli ndo yenyewe hiyo, penseli na mbao ya mwerezi, watu wanaitafuta Latour kwa hilo, na wengine hapo mezani wamekunywa maisha yao yote hawajawahi kuisikia. Alimtazama shemeji.

Kesho yake mchana tunakula chips, nikanyoosha mkono kwenye chupa ya tomato sosi, mkono ukagandia hewani, meza nzima wananiangalia. Mzee akafikiria kwanza, akanifanyia ishara kwa kichwa.

Hiyo ruksa.