Nyota za hoteli baadaye, kwanza tuongelee nondo za madirisha ya gesti

Kila mjadala wa AFCON 2027, tunayoandaa pamoja na Kenya na Uganda, ukigusa malazi watu wanahesabu vyumba tu, Arusha vipo vingapi, Dar vingapi, Zanzibar vingapi, na zile za nyota tano je zitatosha? Mi naona tunahangaika na upande usio wenyewe. Shabiki anayekuja na basi kutoka Nairobi au Kampala hatalala nyota tano, atatafuta gesti ya bei ya kawaida karibu na stendi, kama tunavyolala sisi tukienda msibani, kwenye semina au kufuatilia mafao ya mzee. Wabongo wengi tunaposafiri tunalala humo, na ndo hazionekani kwenye mazungumzo ya ubora wa utalii.

Hebu ingia kwenye gesti nyingi za mjini saa sita usiku uangalie. Madirisha yana nondo zimechomelewa moja kwa moja, hazifunguki. Korido moja, mlango wa kutokea mmoja, na mlinzi ameshaupiga kufuli sababu anaogopa wezi (na wezi wapo kweli, sibishi), funguo iko mfukoni mwake na yeye kalala kwenye benchi huko nje. Mtungi wa kuzimia moto upo, umening'inizwa pale mapokezi, ila ukisoma kile kikadi chake cha ukaguzi tarehe imepita zamani. Sasa ile showa ya umeme ikipiga shoti usiku, yule wa chumba cha mwisho anatokea wapi? Na hapo hapo ukutani nyuma ya mhudumu kuna leseni ya biashara kwenye fremu safi kabisa, pembeni TIN, pembeni cheti cha zimamoto.

Hiyo ndo hoja yangu, leseni zetu zimebaki kuwa risiti. Zinathibitisha kwamba umelipa, basi. Muulize mwenye gesti akuhesabie anakopita: halmashauri, zimamoto, OSHA (wale wa usalama mahali pa kazi), mazingira, kibali cha hakimiliki kama anapiga muziki, kibali cha vileo kama ana baa, na akiuza chakula zamani ilikuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), tangu 2019 ni TBS (shirika la viwango). Kila ofisi na fomu yake na control number yake. Serikali yenyewe iliuona huu msururu ikatoa ile Blueprint mwaka 2018, mpango wa kurahisisha leseni na tozo za biashara, na kuna tozo zilifutwa kweli, nampa haki yake. Lakini kufuta tozo ni jambo moja na kumtuma mtu akafunue shuka aangalie godoro ni jambo lingine kabisa, na hilo la pili ndo bado.

Utaniambia kuna madaraja ya nyota. Yapo, tuna vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vina mambo ya lazima na mambo ya kukusanya pointi, sio vibaya. Ila nyota zinahesabu sana vitu na huduma, na gesti ya vyumba kumi haitafika huko na wala haina haja. Halafu nyota nazo zinazeeka, Kenya walipanga madaraja 2003 wakaja kurudi kwenye zoezi 2015, fikiria hoteli inaweza kuchakaa kiasi gani hapo katikati. Bado sijawataja wanaojipa nyota wenyewe kwenye bango la barabarani.

Mi ningetenganisha. Nyota ziwe za biashara, anayetaka kushindana ashindane. Ila usalama na usafi uwe lazima kwa kila anayelaza mtu kwa hela, kuanzia gesti ya Manzese mpaka lodji ya Serengeti, tena orodha iwe fupi: dirisha moja kila chumba lifunguke kwa ndani, mlango wa pili wa kutokea, earth (waya wa kupeleka shoti ardhini) kwenye showa, kitasa kinachofunga, shuka safi, maji. Mkaguzi aje bila kupiga simu, na matokeo yabandikwe mapokezi mgeni ayasome kabla hajatoa hela. Hili la kubandika nalishikilia sana, sababu mkaguzi akipewa bahasha akaandika kuna mlango wa pili, mgeni mwenyewe atauliza uko wapi.

Najua watasema gharama, gesti ndogo zitakufa. Jamani, kuweka bawaba na komeo kwenye nondo ni kazi ya fundi wa kuchomelea hapo mtaani, hakuna aliyemwambia mtu ajenge lifti.

Na hizi apartimenti za Airbnb, zinazopangishwa kwa siku kupitia mtandao, za Masaki na Mikocheni zisiachwe, nyingi hata hiyo fremu ya ukutani hazina. Hao waanze na namba ya usajili, tangazo lisilo na namba lisipande mtandaoni, na anayekagua gesti siku hiyo hiyo apande na huko ghorofani.